Waraka kwa Wanachama: Mwendo wa Magari Yetu Tunaupanga Sisi Wenyewe

KUH: AINA ZA MAGARI YA ABIRIA KISHERIA, KIWANGO CHA MWENDO, NA HESABU YA JIONI

Ndugu wanachama wenzangu,

Naandika waraka huu kabla ya mkutano mkuu wa chama chetu cha magari ya abiria ya Mombasa hadi Malindi ili tusiumalize mkutano kwa kubishania mambo ambayo sheria ilishayakata zamani. Ubishi umekuwa mwingi, steji na kwenye simu. Kuna anayesema Nissan ya abiria 14 si basi, basi mwendo wake nao usiwe wa basi. Kuna anayesema kile kiwango cha kilomita 80 kwa saa kiliwekwa kwa ajili ya mabasi ya masafa marefu ya Nairobi. Kuna wanaongoja barabara ya Mombasa hadi Kilifi imalizwe kupanuliwa, wakiamini kwamba siku hiyo tutaruhusiwa 110. Na yuko mwanachama aliyeniambia bila kupepesa macho kwamba gari likikamatwa kwa mwendo ni shauri la dereva. Yeye anachongoja ni hesabu yake jioni, yaani kile kiasi cha fedha ambacho dereva amekubali kumletea.

Nianze na huyu wa mwisho, kwa kuwa ndiye aliyenishikisha kalamu.

Kifungu cha 42 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hakimkatazi dereva peke yake. Kinamkataza anayeendesha gari kupita kiwango kilichowekwa kwa aina ya gari lake, na papo hapo kinamkataza mwenye gari, au aliyekabidhiwa gari, kusababisha au kuruhusu mtu mwingine aliendeshe hivyo. Kusababisha au kuruhusu: yote mawili yametajwa. Mimi si wakili, na najua wakili hodari anaweza kulivuta neno hilo huku na huku mbele ya hakimu. Lakini mwenye gari anayempa kijana hesabu isiyofikika kwa mwendo halali, akampigia simu saa kumi jioni kumwuliza mbona bado yuko njiani Gede, atapata shida sana kusema hakusababisha chochote.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze mwaka huu. Makosa ya madereva tumeyazungumza vya kutosha. Mikutano yetu mingi imekwisha kwa azimio la kuwaonya madereva, na madereva wakaonywa, wakaitikia ndiyo, wakarudi barabarani na hesabu ile ile.

Sasa kuhusu aina za magari. Barabarani sisi huita matatu kila kitu chenye makanga mlangoni, kuanzia Nissan hadi lile dude la viti 33 lenye muziki. Sheria haihesabu hivyo. Sheria ya Trafiki inaitambua matatu kuwa gari la abiria lisilozidi viti 25, dereva akiwa hahesabiwi. Likipita hapo si matatu tena machoni pa sheria hiyo. Mgawanyo wa leseni za udereva nao una mistari yake: daraja la D1 ni la gari lisilozidi abiria 14, D2 ni la basi dogo lisilozidi abiria 32, na kuanzia abiria 33 kwenda juu dereva anatakiwa awe na D3. Kwa hiyo mwanachama aliyeuza Nissan zake mbili akanunua gari la viti 33 amehama daraja, hata kama ruti ni ile ile, makanga ni yule yule, na nauli haikuongezeka hata shilingi moja. Dereva wake wa miaka yote, mtu mwema anayeijua barabara kama kiganja chake, kama leseni yake ni ya D1 basi kwenye usukani ule ni sawa na asiye na leseni.

Nimeona tukilichukulia jambo hili kama la makaratasi. Hebu tulitazame upande wa bima. Sheria ya bima ya watu wengine, Sura ya 405, inaibana kampuni ya bima imlipe aliyeumizwa, lakini haiizuii kumgeukia mwenye gari idai ilicholipa kama gari lilikuwa linaendeshwa kinyume cha masharti ya mkataba, na sharti la kwanza katika mikataba yetu yote ni dereva mwenye leseni ya gari lile. Halafu kuna ukomo: bima ile hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa madai ya mtu mmoja. Mahakama ikimpa majeruhi zaidi ya hapo, kinachobaki kinamfuata mwenye gari hadi kwenye shamba lake la minazi. Na dereva wa skwodi? Ndiye hatari kuliko wote. Dereva mwenyewe anashuka saa saba kwenda kula, anamwachia kijana wa steji apige safari moja, na mwenye gari hajui hata jina la kijana huyo, sembuse daraja la leseni yake.

Tukishaujua mgawanyo huo, sasa tuje kwenye mwendo, na hapa mambo ni mepesi kuliko watu wanavyotaka yawe. Kwa mwendo, sheria haijali kama ni Nissan, ni basi dogo au ni basi kubwa. Gari lolote la kubeba abiria kwa nauli kiwango chake ni kilomita 80 kwa saa, basi. Zile 100 na 110 mnazozisikia ni za magari madogo ya kibinafsi: 100 kwenye barabara ya kawaida, 110 kwenye barabara iliyotenganishwa njia ya kwenda na ya kurudi. Barabara yetu itapanuliwa, itapendeza, itawekwa ukuta katikati, na sisi tutabaki na 80 yetu. Wanachama wenye malori wajue kwamba nao wamo: gari la mizigo lenye uzito mtupu unaopita kilo 3,048 linabanwa na 80 hiyo hiyo na linatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kama matatu.

Vijana wengi waliomo chamani hawakumbuki 80 hiyo ilivyoanza. Tangazo la Kisheria namba 161 la mwaka 2003 lilipoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, hayati John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, nchi nzima ilisimama. Watu walitembea kwa miguu kwenda kazini. Kila gari la abiria lilitakiwa liwe na kidhibiti mwendo cha 80, mikanda kwenye kila kiti, mstari wa manjano, dereva na makanga wawe na sare na beji. Nissan zilizokuwa zikijaza abiria 18 zikashushwa hadi 14. Wenye magari walilia kwamba biashara imekufa. Haikufa. Nauli ilipanda kidogo, abiria wakakaa vizuri, na kwa muda tulipumua. Kisha tukazoea, tukalegea, trafiki nao wakalegea kwa sababu wanazozijua wao na sisi tunazijua pia, mpaka serikali ikaja kuzifufua kanuni zile zile kwa msako wa tarehe 12 Novemba 2018, na abiria wakaachwa steji tena. Hatuna haja ya kungoja msako mwingine ndipo tukumbuke kilichoandikwa.

Kidhibiti mwendo nacho nakitaja kwa dakika moja tu, maana kila mmoja wetu anajua kinachofanyika. Fundi anaweka swichi ndogo chini ya dashibodi, au nyuma ya redio, upande ambao mkaguzi hataingiza mkono. Siku ya ukaguzi swichi inawashwa, gari linatii kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Likitoka lango la ukaguzi swichi inazimwa. Mwenye gari ndiye anayelipia kazi hiyo, na risiti haiandikwi. Vidhibiti vya kisasa, vile vya kiwango cha KS 2295, vinaweka kumbukumbu ya mwendo, na ukikatiza waya navyo vinaandika kwamba waya umekatizwa. Kumbe chombo tulicholazimishwa kukinunua kinaweza kutusaidia kuliko kinavyomsaidia polisi. Mwenye gari anaweza kuitoa kumbukumbu hiyo akaona gari lake lilikwendaje tangu asubuhi. Nauliza kwa nia njema: ni wangapi kati yetu waliowahi kuiomba?

Lakini kuna jambo kubwa kuliko kidhibiti, na nataka tulikalie. Kidhibiti kinazuia kupita 80. Hakizuii kupita 50.

Ndani ya mji, kituo cha biashara au manispaa, kiwango kwa gari lolote ni kilomita 50 kwa saa. Sasa nendeni nami kwa akili kutoka Mombasa hadi Malindi, takriban kilomita 120. Ukitoka kisiwani unapita Kisauni, Bamburi, Shanzu. Unavuka daraja la Mtwapa na kuingia Mtwapa yenyewe, mji usiolala. Majengo, Kikambala, Vipingo. Njia panda ya Takaungu. Mnarani, daraja, Kilifi. Tezo, Matsangoni, Gede, kisha Malindi. Hiyo ni barabara kuu, ndiyo, lakini kwa sehemu kubwa ni barabara ya mtaa. Kuna shule karibu kila baada ya hatua. Kuna wauza maembe, wauza madafu, bodaboda wanaokata kona bila kutazama, akina mama waliobeba maji wakingoja upenyo wa kuvuka. Dereva mwenye kidhibiti kizima kabisa, hakuna swichi, hakuna ujanja, anaweza kuingia Matsangoni kwa 80 akiamini kwamba yuko ndani ya sheria kwa sababu gari halipigi kelele. Amezidisha kilomita 30.

Kwa jedwali la faini za papo kwa papo la mwaka 2016, kuzidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo. 6 hadi 10 ni shilingi 500. 11 hadi 15 ni shilingi 3,000. 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Kilomita 30 haimo hata kwenye jedwali. Huyo ni wa mahakamani moja kwa moja.

Faini, hata hivyo, ndiyo hasara ndogo. Dereva akiona mtoto ameruka barabarani, hakanyagi breki saa ile ile. Macho yaone, akili itambue, mguu uhame kutoka mafuta hadi breki: sekunde moja na nusu hivi kwa mtu aliyelala vizuri. Kwa mwendo wa 50, gari limekwenda mita 21 kabla breki haijaguswa, na lami ikiwa kavu na breki ziko sawa litasimama kwenye mita kama 35 tangu alipomwona mtoto. Kwa mwendo wa 80, mita 33 zimekwisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Yaani pale ambapo gari la 50 linakaribia kusimama kabisa, dereva wa 80 ndiyo kwanza anaanza kukanyaga. Atasimama kwenye mita 70, kama hakuna mchanga, kama hakuna mvua, kama tairi si zile zilizochongwa upya kwa kisu. Kwa 100 ni karibu mita mia. Na Nissan iliyojaa abiria na magunia kwenye keria haisimami kama inavyosimama tupu.

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Hawakupanda gari letu, hawakutulipa nauli.

Vibao vya 50 vimepungua, nakubali. Vingine vimeng'olewa vikauzwa chuma chakavu. Matuta nayo yapo mengine yasiyopakwa rangi, ambayo dereva mgeni huyaona akiwa tayari juu yake. Malalamiko hayo tuyapeleke kwa wenye barabara na serikali ya kaunti, na kamati itayaandika. Ila dereva wetu apitaye Tezo kila siku hahitaji kibao kumwambia kwamba Tezo kuna watu.

Basi kwa nini anakwenda mbio? Nimewasikiliza madereva, na sikusikia hata mmoja akisema anapenda tu upepo. Wanasema hesabu.

Tupige hesabu hiyo kwa pamoja. Kwenye zile kilomita 120, tukiondoa miji, matuta, vizuizi vya polisi na vituo vya kushusha na kupakia, tuseme zimebaki kilomita 60 za barabara wazi ambako dereva kweli anaweza kwenda 80. Atazimaliza kwa dakika 45. Akienda 100 atazimaliza kwa dakika 36. Ameokoa dakika tisa. Dakika tisa hizo anazipata kwa kupita malori kwenye kona, kwa kuunguza mafuta zaidi, kwa kumaliza tairi na pedi za breki ambazo tunanunua sisi. Kisha anafika Malindi, anaingia kwenye foleni ya zamu, anakaa saa nzima, pengine zaidi, akingoja gari lijae. Dakika tisa zimekwenda wapi? Zimeliwa na steji.

Kama ni faida tunatafuta, imelala hapo steji, si kwenye lami. Magari yetu yanafika kwa mafungu, matatu au manne kwa pamoja, kwa sababu yanafukuzana njiani kugombea abiria wa Kikambala na Vipingo. Yakifika kwa mafungu, yanakaa kwa mafungu. Baadaye inapita nusu saa nzima bila gari barabarani, abiria anachoka, anapanda la chama kingine. Tukipanga magari yatoke kwa vipindi, kila moja na dakika zake, na karani wa steji wa pande zote mbili akaandika saa ya kutoka na saa ya kufika, hakuna dereva atakayekuwa na sababu ya kumkimbiza mwenzake wa chama kimoja. Saa ya kufika nayo itasema yenyewe: gari lililotoka saa mbili kamili na kuingia Malindi mapema kuliko inavyowezekana kwa mwendo halali limekiri, hata kabla ya kumbukumbu ya kidhibiti kutolewa.

Sasa fedha. Wengi wetu tunafanya hivi: dereva anachukua gari alfajiri, anaweka mafuta, analipa steji, analipa wanaolipwa njiani, jioni anamletea mwenye gari kiasi kilichokubaliwa, na kinachobaki ndicho chake na makanga. Siku ikiwa mbaya, mwenye gari anapata chake chote na dereva anakwenda nyumbani mikono mitupu. Mpango huu unamwekea mwenye gari amani na unamwekea dereva hofu, na dereva anaibeba hofu hiyo mguuni. Saa tisa alasiri akijua bado yuko chini ya hesabu, hakuna waraka wala semina itakayomshikisha 50 Matsangoni.

Kanuni za uendeshaji wa magari ya abiria, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) ya mwaka 2012, ndizo zilizotuleta pamoja. Zilitaka wenye magari wawe kwenye Sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na ndiyo maana mimi na wewe, tuliokuwa kila mtu na Nissan yake na shida zake, leo ni wanachama. Kanuni hizo hizo zinataka wafanyakazi wa magari walipwe mshahara wa mwezi kwa mkataba, na dereva asiendeshe zaidi ya saa nane ndani ya saa 24. Tulichukua ile sehemu ya kutupatia leseni ya ruti, hizi nyingine mbili tukaziacha mlangoni. Tunawaambia maofisa tunalipa mshahara. Daftari linalosema hivyo lipo, na halina uhusiano wowote na kinachotokea jioni. Naliandika hili kwenye waraka wa chama nikijua kuna watakaochukia.

Najua pingamizi dhidi ya mshahara. Mwanachama atasema: nikimlipa dereva mshahara atalala, atakaa kivulini steji akicheza bao, fedha za abiria zitaishia mfukoni mwa makanga. Pingamizi hilo lina ukweli wake, na wenye gari moja moja ndio litakaowauma zaidi, hasa akina mama wajane waliomo chamani ambao gari ndilo shamba lao na hawana nafuu ya kujaribu na kukosea. Kwa hiyo kamati haipendekezi turuke mara moja. Inapendekeza mshahara wa msingi unaotosha chakula na kodi ya nyumba, upitie kwenye chama, juu yake dereva na makanga wapate asilimia ya makusanyo ya mwezi, si ya siku. Siku moja mbaya haitamla mtu. Makusanyo yakipita kwenye simu ya chama kuliko mkononi mwa makanga, wizi unapungua kuliko ulivyo sasa, maana sasa hata hatujui gari linaingiza kiasi gani. Tunajua tu tunacholetewa. Asilimia yenyewe tutaipanga mkutanoni, na nawaomba wenye magari makubwa wasiipange kwa kutazama magari yao tu, kwani Nissan na basi la viti 33 hazina gharama moja.

Wanaosema mpango huo utatufilisi nawaomba watazame upande wa pili wa daftari. Kila gari linalokaa kituo cha polisi wiki moja limepoteza makusanyo ya wiki moja. Na NTSA haisimamishi gari lililokosa peke yake kila mara. Mara nyingine inasimamisha Sacco nzima, na mwanachama ambaye dereva wake ni mtulivu kuliko wote anakaa nyumbani pamoja na wakorofi. Dereva akiua kwa uendeshaji wa hatari, kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki kinaweza kumpeleka jela hadi miaka 10. Atakwenda yeye. Watoto wake watakuja kwetu kuomba karo, na tutachangishana shilingi mia mia tukijisifu kwa ukarimu.

Kuna madereva wachache ambao hata wakilipwa vizuri wataendelea kukimbia, kwa sababu wanaipenda sifa ya kuitwa rubani. Hao dawa yao ni fupi: makosa mawili yaliyothibitishwa kwenye kumbukumbu ya kidhibiti, anaondoka chamani, na hakuna mwanachama atakayemchukua kwa siri kwenye gari jingine. Tumewahi kumfukuza mtu hapa akaonekana siku ya tatu akiendesha gari la mjumbe wa kamati. Safari hii kamati itaanza kwa kujifunga yenyewe.

Abiria nao wana lao. Wapo wanaompigia dereva kelele aongeze mwendo, na wapo wanaolia kimya kimya kiti cha nyuma wakimwomba Mungu. Tubandike ndani ya kila gari, mahali abiria anapoweza kusoma akiwa amekaa, kwamba kiwango cha gari hili ni 80 na mjini ni 50, na namba ya simu ya ofisi. Simu hiyo ishikwe na mtu anayepokea. Namba isiyopokelewa ni afadhali isibandikwe.

Sare, beji, mikanda na mstari wa manjano sitaviandikia zaidi ya hivi: vinajulikana, bei yake ni ndogo, na hakuna udhuru. Mikanda iliyofungwa fundo chini ya kiti isionekane tena.

Ndugu zangu, mkutano mkuu utakuwa na ajenda tatu tu. Ya kwanza ni mpango wa kutoka kwa vipindi kwenye steji zote mbili. Ya pili ni mshahara na asilimia ya mwezi. Ya tatu ni kila gari kutolewa kumbukumbu ya kidhibiti mara moja kwa mwezi na kusomwa na kamati mbele ya mwenye gari. Njooni na hoja zenu, hasa mnaopinga. Afadhali kupingwa ukumbini kuliko kukubaliwa kwa makofi na kukataliwa steji.

Kila mwanachama anaombwa afike na nakala ya leseni ya dereva wake, ya dereva wa akiba, na karatasi ya gari inayoonyesha idadi ya viti, ili tulinganishe daraja la leseni na gari lenyewe. Kamati imeshakata shauri: gari ambalo dereva wake hana daraja linalolifaa, au ambalo mwenyewe hakuleta nakala hizo, halitapangiwa zamu wiki itakayofuata mkutano, na uamuzi huo unaanza na magari ya wanakamati.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama